Hesabu za Sjur na Bunduki ya Baba

Sletthaug, 3 Novemba 1991

Mpendwa Dada Åsne,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji Peder, na kwamba upepo wa Vardø bado haujaibeba nyumba yenu na kuitua Urusi. Sisi hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka juzi, kondoo wote wamesharudi zizini isipokuwa yule mwenye pembe moja, na goti langu linatabiri baridi kuliko redio. Matunda tuliyochuma kinamasini ulipokuja Agosti nimeyatia kwenye chupa kumi na moja. Zako mbili nimekuwekea.

Sasa shika kiti. Sjur wetu anasoma! Si magazeti, vitabu. Ameagiza vitatu, na kimoja ni cha Kijerumani. Kijerumani hajui, lakini anasema hesabu hazina lugha. Ni elimu ya mwendo wa risasi, Dada, inaitwa balistiki. Kutwa nzima anabeba mbao kiwandani, akirudi anakula, anafuta meza, anaandika namba. Meza yangu ya jikoni imekuwa chuo kikuu. Mimi niliyeishia darasa la saba, jana nimeulizwa na mwanangu, “Mama, unakumbuka baridi ilikuwa kiasi gani asubuhi?” kwa sababu eti risasi nayo husikia baridi. Nikamtajia mpaka nukta. Akaandika! Nimeingia kwenye sayansi.

Uliuliza msimu wa kulungu ulikwendaje. Kulungu alipatikana, nyama ipo. Hayo tuyaache.

Mdogo wako akupendaye,
Gudveig

*

Vardø, 9 Desemba 1991

Mdogo wangu Gudveig,

Asante kwa barua. Hatujambo. Peder ameng'oa jino. Jua limeshatuaga, hatutaliona mpaka Januari, na mimi nafuma soksi mpaka vidole vinaniuma.

Nimefurahi kusikia Sjur anasoma. Lakini kwa nini bunduki? Kuna mambo mengi ya kusoma duniani. Kuna nyota, kuna kilimo. Halafu hiyo bunduki ya Baba bado inaning'inia pale sebuleni, juu ya jiko la chuma? Mimi ningekuwa wewe nisingeigusagusa. Wala usiifute vumbi. Vumbi halijamdhuru mtu.

Umesema kulungu alipatikana. Hukusema nani alimpata.

Dada yako,
Åsne

*

Sletthaug, 19 Januari 1992

Mpendwa Dada Åsne,

Salamu, na heri ya mwaka mpya hata kama imechelewa, posta imefungwa na theluji siku nne. Tumshukuru Mungu tu wazima. Mwambie shemeji asisukutue kwa pombe kali, najua atakuwa anafanya hivyo. Kondoo wa pembe moja amerudi mwenyewe, mnene kuliko alivyoondoka, na hasemi alikokuwa.

Haya, kwa kuwa unapenda kuchimba, chimba. Siku ya nane ya msimu Sjur alimlenga kulungu dume kwa mita mia mbili na arobaini. Mkono ulitulia, pumzi aliishika, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutulia, kanisani. Risasi ikampata paja. Paja, Dada! Kulungu akakimbia na jeraha, ukungu ukashuka, wakamfuata siku mbili. Halgrim ndiye aliyemmaliza. Sjur alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi na viatu vyake miguuni mpaka kahawa ikapoa mara tatu.

Unamjua Halgrim, mkuu wa kikosi chao cha uwindaji. Si mtu mbaya, ila maneno anayatoa kama anang'oa misumari. Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi: “Gudveig, nafasi ni ya marehemu mumeo, na kijana wako nilimkaribisha kwa heshima yake. Lakini mnyama ameteseka siku mbili. Kama mkesha wa Yohana mwezi Juni utafika hajanionyesha kwamba anajua risasi yake inakwenda wapi, nafasi nampa Eilev, mwana wa Oddlaug.”

Eilev! Yule ambaye kwenye kipaimara chake alijikwaa kwenye zulia!

Ndiyo maana anasoma. Anasema kosa ni lake: hakuupima upepo. Na kumbe ni kweli, Dada, upepo huisukuma risasi pembeni. Kwa mita mia tatu, kaupepo tu ka kutikisa majani kanaihamisha shubiri nzima. Nilimweleza Oddlaug pale duka la ushirika, mbele ya foleni. Nikamwambia, “Watu wanadhani risasi huenda moja kwa moja. La, mama. Ikishatoka tu mdomoni mwa bunduki inaanza kuanguka, kama jiwe.”

Oddlaug akasema, “Si alenge juu?”

“Juu kiasi gani?”

“Juu kidogo.”

“Hicho kidogo ndicho mwanangu anachokisomea!” Foleni yote ikageuka. Nilisahau hata kununua chachu.

Wako,
Gudveig

*

Vardø, 2 Machi 1992

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na kikohozi, halafu ikaja dhoruba, halafu kikohozi tena.

Pole kwa yaliyomfika Sjur. Nimeyasoma mara nyingi. Nakutumia soksi jozi nne, tatu zake. Mwambie mama yake mkubwa anampenda sana, lolote litakalosikika.

Nilikuwa nawaza tu. Labda si mkono wake. Labda si upepo pia. Kwa nini asiipeleke ile bunduki kwa fundi aikague? Vitu vya zamani huchoka. Hata mimi nimechoka. Ni wazo tu. Jua limerudi huku, lakini halina joto.

Åsne

*

Sletthaug, 12 Aprili 1992

Mpendwa Dada Åsne,

Salamu za juma la Pasaka. Soksi zimefika, zimekuwa kubwa kidogo lakini Sjur anazivaa mbilimbili. Pole na kikohozi. Kunywa maziwa ya moto na asali, na usitoke bila kofia, najua unatoka bila kofia.

Lakini, Dada, fundi wa nini? Bunduki ya Baba ina ugonjwa gani? Bunduki ambayo Baba hakukosea nayo hata mara moja tangu nikiwa mtoto! Bunduki ambayo sisi wasichana hatukuruhusiwa hata kuipumulia! Unakumbuka alivyokuwa akisema, “Mikono ya unga ikae kwenye unga.” Nimemsomea Sjur wazo lako, akacheka mara ya kwanza tangu Krismasi: “Mama mkubwa ana huruma, anataka kosa liwe la chuma.” Umeona? Ana moyo.

Na elimu inasonga. Amefunga vitambaa kwenye nguzo za uzio kuanzia ghala mpaka karibu na kanisa, kusoma upepo unavyobadilika njiani. Vitambaa ni sketi yangu nyekundu ya ndani, ile ya harusi. Mchungaji alinisimamisha: “Gudveig, kuna sherehe?” Nikasema, “Kuna balistiki.” Akapita.

Ametengeneza jedwali. Mita mia mbili, risasi imeshuka kwa upana wa kiganja. Mia tatu, kwa dhiraa yako. Mia nne, karibu urefu wa mtoto wa shule. Amelibandika kwenye kitako cha bunduki, kwa mwandiko mdogo kama mbegu. Ukilenga kuteremka bondeni, anasema, risasi hupiga juu kuliko unavyotaka. Ukilenga kupanda mlima, vilevile juu! Nilibisha nusu saa. Akanichorea kwa kidole kwenye siagi, nikaelewa, kisha nikalimega lile bonde tukalila.

Na sikia hili. Dunia inazunguka wakati risasi iko hewani! Kwa hiyo mnyama, ukipenda, amekwisha hama. Sjur anasema ni kwa upana wa ukucha tu, lakini amelihesabu na hilo, asije akalaumiwa. Nani mwingine kwenye bonde hili anahesabu mzunguko wa dunia? Eilev? Eilev hajui hata kuzungusha skrubu.

Nijibu upesi, nataka kusikia umeshangaa.

Gudveig

*

Sletthaug, 24 Mei 1992

Dada Åsne,

Hujanijibu. Natumaini ni posta na si mapafu. Sisi wazima kwa mwili.

Theluji imetoka kwenye uwanja wa shabaha, na Sjur amekwenda peke yake mara tatu, kwa kuwa anaona haya mbele ya wenzake. Jana nilimfuata na chupa ya kahawa. Mita mia moja tu, Dada. Hakuna upepo, sketi yangu imelala kwenye nguzo kama imekufa. Alipiga risasi tano kwenye yule kulungu wa kuchorwa. Moja bega, moja tumbo, moja shingo, moja ilimkosa, na ya tano sisemi ilipoingia, ila yule mchoro kama angekuwa hai angenilaani.

Anarekebisha vidude vya darubini ya bunduki, inakaa sawa kwa risasi mbili, ya tatu inakwenda kwa jirani. Hesabu zake amezirudia zote. Ameketi akatazama mikono yake hivi, juu na chini, kama ya mtu mwingine. Akasema, “Mama, hesabu ziko sawa. Kwa hiyo ni mimi.”

Usiku hasomi tena. Vitabu ameviweka ndani ya sanduku la viatu vya skii vya kuteleza thelujini. Nimempikia uji wa krimu, wenye siagi katikati na mdalasini, ameuacha ukaota ngozi. Anasema siku ya mtihani, Jumamosi tarehe 20 Juni, hatapiga. Atakwenda kumwambia Halgrim nafasi ya baba yake ampe Eilev, maana hataki kumtesa mnyama mwingine.

Mimi ninayejua kusema kila kitu, sijui nimwambie nini. Wewe ndiye mkubwa. Sema kitu.

Gudveig

*

Vardø, 11 Juni 1992

Mdogo wangu Gudveig,

Barua hii nimeiandika mara nne, na tatu Peder amewashia jiko. Leo ameniambia, “Åsne, hii ya nne naipeleka posta mwenyewe.” Anasimama mlangoni na koti.

Si mkono wa Sjur. Ni mkono wangu.

Unakumbuka siku ile ya Agosti mlipokwenda wote kinamasini, nikasema mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa unaniuma. Nilitaka kubaki na bunduki ya Baba. Nina miaka sitini na miwili, Gudveig, na nilikuwa sijawahi kuishika. Ile sehemu ya kufungia risasi ilikuwa kabatini, usiogope, haikuweza kumdhuru mtu. Nikavaa kofia ya marehemu mumeo Torgeir, nikasimama mbele ya kioo cha sebuleni, nikalenga. Nilipendeza. Naona haya kuandika, lakini nilipendeza sana.

Halafu Halgrim akagonga mlango kuleta mayai. Nikashtuka, ikaniponyoka, darubini ikajigonga kwenye pembe ya jiko. Ile pete ya mbele inayoishika darubini ikapasuka upande wa chini. Nikamfungulia Halgrim nikiwa na kofia kichwani, nikapokea mayai. Kisha nikaibandika pete kwa gundi ya Sjur ya skii, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu mpaka nyufa zikapotea, nikairudisha ukutani. Nilijisemea imeshika. Wiki iliyofuata Sjur akaenda nayo mlimani.

Mimi mama yake mkubwa nimemwacha mtoto akaihesabu dunia nzima inavyozunguka, kwa sababu ya rangi ya viatu.

Nisamehe ukiweza. Peder anavuta karatasi

Åsne

*

Sletthaug, 25 Juni 1992

Åsne,

Salamu nitakupa mwisho wa barua, kama zitabaki.

Barua yako imefika Jumamosi yenyewe, saa nne asubuhi, Sjur ameshaondoka kwenda kwa Halgrim na bunduki begani kama anapeleka maiti. Nimeisomea kwenye sanduku la posta, barabarani. Nimesema neno ambalo mtu wa posta amesema hakulitegemea kwangu. Nikachukua baiskeli. Sijapanda baiskeli tangu mazishi ya Torgeir, na goti langu linalijua hilo.

Nimefika uwanjani wanaume wote wamepanga foleni, Oddlaug yupo na Eilev wake aliyevaa sweta mpya, na Sjur ameshavua kofia mbele ya Halgrim. Nikapiga kelele, “Asiseme mtu neno!” Nikaisoma barua yako. Yote, Åsne. Kwa sauti. Na kofia, na kioo, na “nilipendeza sana.”

Halgrim akakuna kidevu. “Nilijiuliza ile kofia ilikuwa ya nini.”

Akaichukua bunduki, akafuta pete kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi. Akaiminya kidogo, paa, ikabaki vipande viwili mkononi. Hakuna aliyecheka. Halafu Oddlaug akasema, “Mwaka mzima hukuiona, profesa?” Hapo wakacheka wote.

Sjur akawa mwekundu mpaka masikioni. “Nilipima upepo, nikapima baridi, nikapima dunia,” akasema. “Skrubu nilizikaza zote. Pete sikuipima.”

“Basi iandike kwenye jedwali,” Halgrim akamwambia. “Mstari wa kwanza.” Na unajua nani alitoa pete nzima kutoka sanduku lake la vifaa? Eilev. Na akaifunga mwenyewe, kwa ustadi. Nimeyafuta niliyosema kuhusu skrubu.

Sjur akapiga mbili za kujaribu, akatazama namba zake, akazungusha vidude, akalala chini. Tano, Åsne. Tano zote ndani ya duara, ungezifunika kwa kikombe cha kahawa. Hesabu zake zilikuwa sahihi tangu Januari! Kila mtu amesikia nikisema hivyo. Nimesema mara kadhaa. Halgrim akampa mkono, hakusema kitu, kwa Halgrim hiyo ni hotuba.

Sjur hana kinyongo nawe. Anasema kosa la kutoijaribu bunduki kabla ya kupanda mlimani ni lake. Mimi kinyongo ninacho, nakitunza.

Salamu kwa Peder.

Gudveig

*

Vardø, 6 Julai 1992

Mdogo wangu,

Umenisoma mbele ya wanaume wote?

Ninastahili. Namshukuru Mungu kwa zile tano. Peder amekikata kile kipande cha barua chenye kikombe cha kahawa, amekibandika ukutani jikoni.

Lakini mbele ya Halgrim?

Åsne

*

Sletthaug, 6 Septemba 1992

Mpendwa Dada yangu Åsne,

Salamu nyingi, nyingi sana. Umeona, zimerudi. Huku tu wazima, matunda ya kinamasini yamejaa mwaka huu, chupa kumi na tisa. Shemeji hajambo? Mwambie nimecheka na kibandiko chake.

Sasa sikiliza, maana nimeaibika na nimejivuna kwa pamoja, sijui nianze na kipi. Nilikuwa nimeshatangaza dukani kwamba mwaka huu Sjur atampiga kulungu kwa mita mia nne. Nilisema mara moja tu, lakini ilikuwa Jumamosi, duka limejaa.

Siku ya saba wakaliona kundi ng'ambo ya bonde, dume kubwa limesimama ubavu. Halgrim yuko naye. Sjur akapima: mita mia tatu na themanini. Akatazama jedwali, akatazama nyasi. Hayo nimesimuliwa na Halgrim mwenyewe, jikoni kwangu, kwa maneno mengi kuliko aliyotumia mwaka mzima.

“Haya, profesa,” Halgrim akamwambia. “Namba zinasemaje?”

“Zinasema naweza.”

“Basi?”

“Zinasema naweza kama upepo wa katikati ya bonde ni sawa na huu wa hapa. Na huo siuoni. Kule hakuna sketi ya Mama.”

Akaikunja mikono ya koti, akalala kifudifudi, akatambaa. Saa moja na nusu, Dada, kwenye maji na mawe, soksi zako mbilimbili zikaloa. Mpaka zikabaki mita mia moja na kumi na mbili. Risasi moja. Dume lilipiga hatua tatu likalala, halikujua hata kilichotokea. Halgrim akavua kofia. Akasema, “Nafasi ni yako. Si ya baba yako tena.”

Nikamuuliza Sjur, “Mwanangu, majira mazima ya baridi ya vitabu, kwa mita mia na kumi na mbili?” Akanijibu, “Mama, vitabu vilinifundisha njia zote ambazo risasi inaweza kupotea. Ukishazijua zote, unatambaa.”

Oddlaug akanisubiri pale kwenye mizani ya viazi. “Mia na kumi na mbili? Hata mimi!” Nikamwambia, “Wewe ungefika hapo? Kwa kutambaa?” Akajitazama, akanunua viazi.

Nakutumia moyo wa yule dume, umekaushwa kwa moshi. Ukate vipande vyembamba sana. Na ndani ya soksi utakayoikuta kwenye kifurushi kuna ile pete iliyopasuka. Itundike shingoni.

Sasa kuna jambo moja nililolificha, na nimeona haifai wewe uwe umesema na mimi nimenyamaza. Siku ile niliyosoma barua yako kwa sauti, kulikuwa na mstari mmoja nilioutamka polepole, wakadhani nakukejeli. Ule wa kioo. Dada, tangu Baba afariki, kila Jumatatu ya kufua, nyumba ikiwa tupu, mimi huishusha ile bunduki. Miaka kumi na moja. Husimama pale pale kwenye kioo, na kofia ile ile. Nami hupendeza.

Tofauti ni kwamba mimi sijawahi kuidondosha.

Nimemweleza Sjur. Hakucheka. Jana akanichukua uwanjani, akanilaza kwenye mkeka kama mtoto, akaniambia nishike pumzi, nikamkumbusha nani alimfundisha. Njoo kabla ya theluji, na wewe amekuwekea risasi tano. Mita mia moja, Dada, risasi zangu za kwanza duniani, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Nne zimeingia ndani ya duara.

Ya tano ilikuwa upepo.

Mdogo wako,
Gudveig